Kijitambaa cha Bi Kesho

Fundi anasema amemwona Bi Kesho kwa macho yake mawili. Anasema Jumanne asubuhi alikwenda posta kutuma furushi la sare, akakuta foleni imefika mlangoni, akasimama nyuma ya mzee mmoja aliyekuwa akilamba stempu moja baada ya nyingine kama mtu asiye na pengine pa kwenda. Ndipo sauti ikatoka ndani, nyuma ya kile kioo: "Bi Kesho, njoo utie sahihi hapa." Akatokea mwanamke mrefu, miwani yake imefungwa mnyororo shingoni, akatia sahihi bila hata kuitazama karatasi. Fundi akainama kwenye tundu la kioo akamwuliza, "Samahani dada, ndiye wewe Bi Kesho wa zile hadithi za kwenye jarida?" Na yule mwanamke, anavyosema Fundi, akatabasamu upande mmoja wa mdomo, akajibu, "Wewe unaonaje?"

"Sasa niambie," Fundi akanigeukia, "mtu ambaye siye, angejibu hivyo? Angesema siye, yakaisha."

Fundi ndiye jirani yetu. Cherehani yake iko barazani, hatua sita kutoka mlango wetu, na habari zikimfika hazilali. Jumatano Bi Kesho alikuwa na dereva anayemngoja nje ya posta. Alhamisi alikuwa na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia watu wema na moja ya kuandikia wabaya.

"Hiyo ya kalamu umeiona wapi, dada?" nikamwuliza.

"Mfukoni. Kwani mimi kipofu?"

Nilikuwa nimeshika pasi, namalizia mkono wa shati. Nikasema, "Makubwa," nikageuza mkono wa pili. Bi Kesho ni mimi.

Nieleze vizuri. Mimi ni msichana wa dobi. Chumba chetu kina meza mbili za kupigia pasi, makarai matatu, rafu ya nguo zilizokunjwa, na bomba la chuma linalotoka ukuta huu hadi ule, ambapo nguo zilizo tayari zinatundikwa zikingoja wenyewe. Mwenye chumba ni Mjomba, ndugu wa mama yangu, tumbo moja. Nilimaliza shule ya msingi, na upande wangu shule ikaishia hapo. Mjomba akamwambia mama, "Nipe huyo mkimya. Kazi yetu haitaki maneno."

Mjomba haandiki majina ya wateja. Zamani alikuwa akiyaandika, mpaka wanaume watatu wenye jina moja walipoleta mashati meupe siku moja, na kila mmoja akarudi kwake na kola isiyomtosha. Tangu hapo anaandika anachokiona. Anachukua kijitambaa cheupe, upana wa vidole viwili, anaandika kwa wino ambao hautoki hata ukichemshwa, anakipiga nyuzi mbili ndani ya kola. Kila mteja ana vijitambaa vyake viwili. Mteja mwenyewe anapewa tiketi yenye namba tu, hajui lolote. Mwenyewe akija kuchukua nguo, kijitambaa kinafumuliwa, kinarudi kwenye kopo, kinangoja mwenyewe alete nguo nyingine. Kabla hata ya kunionyesha pasi inavyoshikwa, Mjomba alinifundisha hili: "Fumua kwanza, kunja baadaye. Mtu asijue tunamwitaje."

Kwenye kopo letu yumo Mama Rudisha, ambaye hakuna doa lililowahi kutoka akaridhika. Yumo Mwalimu Chaki, ambaye mifuko yake ukiikung'uta unapiga chafya. Yumo Kiuno Kimehama, ambaye suruali zake Fundi anazipanua kila mwaka. Na alikuwemo Bi Kesho. Huyu alileta nguo moja moja, hakuleta mbili hata siku moja, na akiulizwa ataichukua lini anasema, "Kesho." Kesho yake haonekani. Anakuja baada ya wiki, anachukua hiyo, anaacha nyingine, anasema kesho. Nguo yake ya mwisho ni gauni la zambarau lenye mikunjo kiunoni. Alilileta nikiwa na mwezi wa pili kazini. Alisema kesho. Huu ni mwaka wa pili.

Nguo tunazifunga kwa magazeti na majarida ya zamani ambayo Mjomba anayapata kwa mafungu. Huko ndiko nilikokutana na hadithi. Mara nyingi nguo ya mtu ilikaa mezani ikingoja karatasi, kumbe karatasi iko mkononi mwangu na mimi sijafika mwisho wa ukurasa. Nilisoma hadithi zisizo na mwanzo kwa sababu mwanzo ulishakwenda kwa mteja, na nyingine hazina mwisho kwa sababu hiyohiyo. Nikawa naziongezea mwenyewe kichwani. Baadaye nikaanza kuziandika kwenye daftari. Baadaye sana nikaandika moja iliyokuwa yangu mwanzo hadi mwisho, ya mwanamume aliyeacha barua mfukoni mwa shati makusudi ili dobi aifue. Nikaipeleka posta, nikaitia kwenye tundu upesi kama mtu aliyeiba.

Sikuandika jina. Sikusahau. Nilidhani hadithi ikiwa nzuri, jina ni la nini.

Mhariri akajibu kwa mistari mitatu: hadithi wataitoa, lakini niandike jina langu au lakabu niipendayo. Lakabu sikuijua. Nikamngoja Mwalimu Chaki alipokuja kuchukua suruali, nikamwuliza lakabu ni nini.

"Ni jina ulilopewa na watu kwa namna wanavyokuona," akasema. "Si la mama na baba. Mtu anaweza kuwa nayo asijue." Akaangaza macho chumbani. "Kwa nini?"

"Nimeliona kwenye karatasi ya kufungia."

"Vizuri. Endelea kusoma."

Nikamkunjia suruali. Kijitambaa chake kilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu wakati ananieleza.

Jina langu nililiandika la kwanza. Lilikaa pale juu ya karatasi kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Tena nikawaza: yule aliyeacha barua kwenye shati ni mteja wetu, anaishi, na anasoma. Akijua aliyeandika ni msichana anayemfulia, atapeleka nguo zake kwingine, na atawaambia wenziwe. Watu hutuletea nguo kwa sababu wanaamini hatuzitazami. Mjomba angekosa wateja, mimi ningemkosa Mjomba.

Basi nikatafuta jingine. Sikujua waandishi wanayachaguaje, hivyo nikafanya ninavyojua. Nililiandika kila jina kwenye kijitambaa, nikakishona ndani ya kola yangu mwenyewe, nikalivaa kutwa nzima kuona litanikaaje. Siku ya kwanza nilivaa jina la bibi yangu. Nikahisi bibi amesimama begani anasoma, na kila neno la mapenzi nikalifuta. Siku ya pili na ya tatu nilivaa jina la kiume. Nikaandika habari za jikoni na kujishuku mwenyewe: huyu bwana haya amejuaje? Nikavaa jina refu la maneno matatu, la heshima, kama yale ya kwenye migongo ya vitabu. Lilinifanya niandike "kadhalika" mara nne kwenye ukurasa mmoja. Nikalifumua kabla ya saa sita mchana.

Ilikuwa asubuhi nafuta vumbi bombani. Kila asubuhi nalisogeza lile gauni la zambarau ili mikunjo isishike alama, na kila asubuhi kijitambaa chake kinanitazama: Bi Kesho. Sikukigusa. Niliandika kingine, nikakishona kolani. Siku hiyo niliandika kurasa nne wakati nguo za asubuhi zinakauka, na hakuna aliyesimama begani. Mwanamke aliyesema kesho, akaenda, hakuna ajuaye alikokwenda. Mtu kama huyo anaweza kusimulia chochote. Nikajiambia, yeye hana haja nalo. Hata kulijua halijui.

Hapo ndipo nilipokosea, ila sikujua kwa mwaka mzima na nusu.

Hadithi ya kwanza ikatoka, ikafuata ya pili na ya tatu. Watu wakaanza kubishana. Mama Rudisha alisema Bi Kesho ni mkunga mstaafu, maana anajua mno siri za nyumba za watu. Kiuno Kimehama alisema ni mwanamume, mwanamke hawezi kunyamaza hivyo. Mjomba, ambaye hasomi hadithi, alisema, "Hilo jina nimelisikia mahali," akaendelea kulowesha mashuka. Nilishikilia pasi mpaka nikasikia harufu ya kitambaa kuungua.

Mama yangu yuko mbali, kwao alikozaliwa. Nilikuwa namtumia jarida, yeye anasoma polepole kwa kidole. Siku moja akaniambia kwenye simu, "Huyu Bi Kesho anawajua watu, mwanangu. Angekuwa binti yangu ningemwogopa." Nikacheka. Tulipoagana nikakaa kitako juu ya karai lililofunikwa.

Halafu mwezi uliopita mhariri akaandika tena. Kuna wachapishaji wanataka kuziweka hadithi zangu pamoja ziwe kitabu. Watanitumia fomu, na kwenye fomu nitajaza jina litakaloandikwa kwenye jalada. "Fikiri vizuri," aliandika, "jarida linafungiwa vitu, jalada linabaki." Alijuaje kwamba majarida tunafungia vitu, sijui. Lakini maneno hayo yalinikaa. Nilianza kuliandika jina langu la nyumbani pembeni mwa daftari, kulizoea. Nilimwona mama kichwani mwangu akipitisha kidole juu yake.

Nikawa naingoja fomu. Kila siku ya pili nafungua sanduku letu la posta, nakuta bili ya maji. Ndipo Fundi alipokuja na habari za mwanamke wake wa posta.

Sikukasirika. Hata mimi nilijiuliza baadaye kwa nini sikukasirika. Nilitaka tu kumwona. Anayeitika jina ulilojipa mwenyewe kolani, utaachaje kumwona?

Ijumaa nilimwambia Mjomba nakwenda kutazama sanduku, nikaingia kwenye foleni ya stempu ambayo sikuihitaji. Nilikaa nyuma ya watu saba nikitazama kioo. Hakutokea mtu. Nilipobakiza wawili, mwanamume mnene wa dirisha la pili akageuza shingo akaita, bila kelele, kama anavyoitwa mtu wa kila siku, "Bi Kesho, gundi iko wapi?"

Akatokea. Hakuwa mrefu. Fundi alikuwa ameongeza urefu, kama anavyofanya kwenye pindo. Miwani ilifungwa kwa mpira mweusi wa nguo ya ndani, na kalamu ilikuwa moja, tena ya kufungwa na uzi wa posta. Uso wake sikuukumbuka. Sisi wa dobi nyuso hatuzijui sana. Mtu anapotujia tunatazama alichobeba. Lakini blauzi niliijua. Rangi ya maziwa, kola ya duara, na chini ya kola upande wa kushoto pana tundu lililozibwa kwa uzi mweupe mno kuliko kitambaa. Niliipiga pasi mara mbili tatu nilipokuwa mgeni kazini. Sasa ilikuwa imepigwa nyumbani, na mabega yalionyesha hilo.

"Nikusaidie nini, binti?" akaniuliza. Kumbe foleni ilishafika kwangu.

"Stempu moja."

"Ya ndani au ya nje?"

"Ya ndani."

Alinitazama mikono. Mikono ya dobi haifichiki, vidole vyangu vimekunjamana kama vya mtu aliyetoka kuoga. Akanipa stempu yangu, akasema polepole, "Karibu tena."

Njiani nilikuwa na swali moja tu, nalo lilinizidi mwendo. Ikiwa mwenye gauni ndiye huyu, nani alimwambia kwamba anaitwa Bi Kesho?

Nilipofika nikamwaga kopo lote la vijitambaa juu ya meza, nikavipanga viwili viwili. Mjomba akaja na beseni kiunoni, akasimama.

"Umepoteza nini?"

"Mjomba, Bi Kesho ana vijitambaa vingapi?"

"Kila mtu viwili. Yeye ni nani awe na vitatu?"

"Kimoja kiko kwenye gauni. Cha pili hakipo."

Akaweka beseni chini. Akatazama bombani. "Siku alipoleta hilo gauni alichukua blauzi," akasema. "Ile ya maziwa. Nani aliifunga?"

Nilikuwa na mwezi wa pili kazini. Nilikuwa nasoma. Nakumbuka hata hadithi yenyewe, ilikuwa ya mapacha, na mwisho wake ulikuwa kwenye karatasi niliyoifungia blauzi, nikaharakisha kumaliza kwa sababu mwenyewe amesimama mlangoni na kwa mara moja tu maishani mwake ana haraka. Nikakunja kwanza. Sikufumua.

"Mimi," nikasema.

Mjomba hakunigombeza. Alinyanyua beseni lake. "Basi ndiyo maana hakurudi," akasema. "Mimi nilidhani amehama."

Alikuja Jumamosi, baada ya watu wa asubuhi kwisha. Mjomba alikuwa uani anaanika. Nilimjua kabla hajavuka mlango, maana alikuwa na blauzi ileile. Nikaacha pasi, nikaisimamisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akafungua mkoba, akatoa tiketi yetu. Ilikuwa imekunjwa mara nne na imeanza kukatika kwenye mikunjo. "Nimekuja kuchukua gauni langu. Nilisema kesho, nikachelewa kidogo."

Nikalishusha gauni. Mikono yangu ilifanya kazi peke yake: ikafungua kola, ikatafuta uzi, ikatafuta mkasi. Akanizuia kwa kidole kimoja.

"Kiache. Nakijua kilivyoandikwa."

Akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Akasimulia akitazama gauni, hakunitazama mimi. Ile siku alivaa blauzi kazini, akainama kufunga gunia la barua, na mwenzake wa dirisha la pili akasoma shingoni mwake kwa sauti: Bi Kesho. Ofisi nzima ikacheka. Kwa sababu kweli, alisema, yeye ni mtu wa kesho. Ripoti kesho, likizo kesho, hata mchumba alimwambia kesho mpaka akaoa kwingine. Walivyolipata hilo jina hawakuliacha. Mkuu wa kituo mwenyewe akamwita hivyo mkutanoni. Akaapa hatakanyaga kwetu tena.

"Mwaka mzima," akasema. "Kila nikiitwa naona mtu amenitia kidole shingoni. Nikawa nafunga skafu kwenye joto."

"Mama, ni mimi niliyesahau kukifumua."

"Najua ni wewe. Ulikuwa unasoma. Nilikuona midomo inakwenda." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi. "Halafu siku moja yule mnene akaja na jarida mkononi. Hacheki. Ananiambia, 'Bi Kesho, kumbe unaandika?' Nikadhani ni mzaha mpya. Nikalichukua, nikasoma. Ya yule mwanamke anayeweka sahani mbili mezani na anakula zote mbili mwenyewe. Nililia pale pale kwenye stempu. Wakanitazama, wakaona mtu analia juu ya kazi yake mwenyewe. Tangu siku hiyo, binti, wananiita jina lilelile lakini sauti si ileile. Mkuu wa kituo aliniletea kiti chenye mgongo."

"Ukawaambia ni wewe?"

"Sikusema ndiyo. Sikusema siyo. Unanijua, mimi ni mtu wa kesho."

Nilicheka bila kutaka. Na yeye akacheka, kidogo. Halafu akatia mkono mkobani mara ya pili, akatoa bahasha ya kaki, akaiweka juu ya meza ya pasi. *Bi Kesho*, iliandikwa kwa taipu, na chini yake namba ya sanduku letu.

"Mwezi huu wamenihamishia kwenye kupanga barua za masanduku. Nikaiona. Nikatazama namba, nikatafuta mwenye sanduku. Dobi." Akainyoosha bahasha kwa kiganja kama anayepiga pasi. "Sikuifungua. Nimekaa nayo siku nne, hilo nakiri. Na jana nikaiona mikono yako."

Nikaifungua kwa ncha ya mkasi. Ilikuwa fomu, karatasi moja, mistari ya nukta. Mstari wa tatu: *Jina litakaloandikwa kwenye jalada*. Akausoma kichwa chini miguu juu, kwa upande wake wa meza, alivyozoea kusoma barua za watu kupitia kioo.

"Kitabu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na utaandika lipi?"

Kabla sijafungua mdomo, mlango ukaingia kiza. Fundi alikuwa amesimama na futi yake ya kupimia shingoni, mkononi ana jarida la mwezi wa tatu, lile la sahani mbili. Alikuwa amekimbia hizo hatua sita zote.

"Si nilisema," akaniambia mimi, akimtazama yeye. "Nimekuona ukiingia, dada, nikajisemea, macho yangu hayajazeeka. Bi Kesho ndani ya chumba cha dobi, na huyu mtoto kakaa tu kama gunia, hajui hata anampigia nani pasi." Akanisukuma begani. "Mpe maji basi. Watu wa aina hii huwaoni kila siku."

Yule mwanamke akaacha kumtazama Fundi. Alinitazama mimi. Lilikuwa tazamo la mtu aliyesimama mlangoni kwa watu, hajui kama avue viatu.

Nikaenda kuchota maji. Niliporudi na bilauri, Fundi alikuwa amekwisha kulifungua jarida mezani, juu ya fomu yangu, anaonyesha kwa kidole.

"Huyu wa sahani mbili," alikuwa akisema, sauti imeshuka, si ya barazani tena. "Nataka nikuulize tu. Mimi tangu mume wangu aondoke nimekuwa napika kwa watu wawili. Sikumwambia mtu. Wewe ulijuaje?"

Nilisimama na bilauri. Hili la Fundi sikulijua. Hatua sita, miaka miwili, sikulijua. Ile hadithi niliitoa kwenye kitambaa cha meza cha mteja mmoja, kilichokuwa na alama za sahani mbili na kijiko kimoja.

Mwanamke wa posta akapokea maji. Akanywa yote, akaweka bilauri. "Aliyeandika alitazama vizuri," akamwambia Fundi. "Ni hivyo tu. Alitazama bila kucheka."

Fundi akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa dawa. Kutoka barazani mteja wake akamwita, akaenda, akaacha jarida. "Usiondoke hujanitilia sahihi," alisema akiwa mlangoni.

Tukabaki wawili. Uani nilisikia Mjomba akikung'uta shuka. Yule mwanamke akalisogeza jarida pembeni, taratibu, fomu ikaonekana tena. Akaniokotea kalamu iliyokuwa karibu na kopo, ile ya wino usiotoka, akailaza juu ya mstari wa tatu.

"Nitakuomba kitu," akasema, "na uniambie leo, usinijibu kama mimi." Hakutabasamu. "Andika hilohilo. Kitabu kiwe cha Bi Kesho. Hadithi ni zako, sitazigusa, na watu wa kitabu watajuana na wewe. Ila hapa kwetu, mtu akiniuliza kama ni mimi, uniache niseme ndiyo. Nililibeba hilo jina likiwa takataka, peke yangu. Sasa limekuwa zuri. Niachie."

Nilimfikiria mama na kidole chake. Nilifikiria pembe ya daftari, jina langu limejaa mpaka chini. Nilimwona Fundi barazani, anapima bega la mtu, na kila mara anageuza macho huku mlangoni kwetu.

"Utaniachia, mwanangu?"

Nikalikunja gauni la zambarau, mikono ndani, mikunjo juu. Nikachukua mkasi. Kijitambaa kilikuwa bado kolani, nyuzi mbili: nikikifumua jina linabaki kwetu, nikikiacha linaondoka naye. Na yeye alikuwa bado ananitazama.